Dawa ya Bosi

Wezi walipovunja tena karakana ya Fundi na kuzoa vyuma vyake vyote, hata geti la mteja lililokuwa limebaki kupakwa rangi tu, mwenyewe hakupiga kelele wala hakwenda polisi. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akamwambia mkewe, "Tutafute mbwa." Kisha akaingia ndani kuokota vipande vya nondo walivyomwachia, labda kwa huruma.

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, barabara ya pili kutoka nyumbani, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Zamani waliwahi kumwita Mama Kasuku. Kasuku lilikuwa jina la utani la binti yao wa pekee, mtoto ambaye kunyamaza kwake kulikuwa mtihani. Aliongea akila, aliongea akioga, na akilala aliongea na watu wa ndotoni. Tangu alipozikwa watu walilikwepa lile jina kama wanavyokwepa dimbwi njiani, na mama mtu hakuwalaumu. Hata mumewe hakulitamka tena.

Kasuku alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Ulimwanza angali mdogo, ndiyo kwanza anajua kusoma. Ndugu wa pande zote mbili walikuja, wakakaa, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba huo si ugonjwa wa hospitali. Basi wakaelekezwa huku, wakatumwa kule. Mtoto akafukizwa, akachanjwa, akaombewa, akafungwa vitu mkononi na kufunguliwa vingine. Mama Pasi hakubishana na mtu, maana hakuwa na cha kubishia. Ikafika siku moja, yeye yuko kazini, mumewe amekwenda kufunga dirisha kwa mteja, na Kasuku yuko uani peke yake akifua soksi zake za shule. Akaanguka kifudifudi ndani ya beseni. Maji hayakufika hata nusu ya beseni lenyewe. Maji ya kufulia soksi, ndiyo yaliyomchukua mtoto aliyekuwa ameshaanza kumpita mama yake kimo.

Miaka ilikuwa imepita tangu hapo. Mume na mke walikuwa wanaishi, kama wasemavyo watu wakiulizwa hali na hawana la kusema.

Sasa, miongoni mwa wateja wa dobi alikuwapo daktari wa wanyama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kitoto, aliyeleta makoti yake meupe yakiwa yamejaa manyoya. Mama Pasi alikuwa na mzaha wake kwake: "Daktari, leo umeniletea koti au paka?" Alipomweleza habari ya wezi, daktari alicheka, akasema, "Nyuma ya kliniki yangu pana banda la mbwa waliookotwa barabarani. Njoo uchague mwenyewe. Ila usije ukaniulizia mkali, wote wamekuwa waungwana tangu waanze kushiba."

Akaenda siku yake ya mapumziko. Mabanda yalikuwa ya wavu, sakafu ya saruji imeoshwa na bado ina unyevu. Mbwa walimrukia kila mmoja kwa namna yake, huyu akibweka, yule akijigeuza tumbo juu. Katika banda la mwisho alikuwapo dume la rangi ya kahawia, kifua kipana, anatembea taratibu huku na huku kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji.

"Huyu anaitwa nani?"

"Wafanyakazi wanamwita Bosi," daktari alisema. "Angekufaa sana, lakini sitaki nikudanganye. Wameshamchukua watu wawili na wote wamemrudisha. Ana..."

Hakumaliza. Bosi alisimama ghafla, shingo ikapinda, akaanguka ubavu na miguu ikaanza kupiga saruji. Povu likamtoka. Daktari aligeuka kumwita mfanyakazi, lakini Mama Pasi alikuwa ameshafungua komeo na kuingia. Alipiga magoti kwenye majimaji, akauvua mtandio wake, akaukunja na kuusukuma chini ya kichwa cha mbwa kisigonge sakafu. Hakumshika miguu. Hakumtia kitu mdomoni. Alisogeza bakuli la maji mbali, mbali kabisa, mpaka pembeni mwa banda, akabaki ameinama pale akisema kwa sauti ndogo, "Inapita. Inapita, mama. Inapita."

Ilipopita, daktari alikuwa amechuchumaa upande wa pili.

"Umejifunza wapi?"

"Nyumbani," Mama Pasi alisema, akakung'uta mtandio na kuuvaa vilevile, na povu lake.

Akasema anamtaka huyo huyo. Daktari alijaribu kumwonyesha wengine, hakusikia. Basi akapewa maelezo. Huo ugonjwa, daktari alisema, haumalizwi lakini unatulizwa, na mbwa wengi wakipata dawa asubuhi na jioni bila kuruka wanaishi maisha yao mpaka uzee. Wa kwanza waliomchukua hawakuwa wakimpa, wa pili walimpa wakachoka. Ataanza kwa kulewalewa kidogo na kula kupita kiasi, kisha atazoea. Akampa kichupa cha vidonge vidogo vyeupe.

Mama Pasi alikitikisa. "Hii dawa ya mbwa inatengenezwa wapi?"

"Si ya mbwa, mama. Ni ya watu. Hii hii ndiyo wanayopewa watu wenye kifafa. Hospitali zote wanayo, ya zamani sana hii, hata bibi zetu waliikuta."

Daktari alisema hivyo huku akiandika kwenye kichupa, hakuwa na nia yoyote. Akashangaa mgeni wake anaketi sakafuni, kwenye ile saruji mbichi, na kichupa mkononi. Alimuuliza kama ni joto. Mama Pasi akasema ndiyo, ni joto.

*

Bosi akahamia karakanani. Wiki za mwanzo alitembea kama mlevi wa mwisho wa mwezi, akigonga mitungi ya gesi, akila kila alichopewa na asichopewa. Mama Pasi alimfichia kidonge ndani ya pande la mkate, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni alipotoka. Alianguka mara mbili tatu, kila mara kwa nguvu ndogo kuliko ya kabla yake. Halafu hakuanguka tena. Macho yakamchangamka, manyoya yakang'aa, akaanza kubweka kwa kina na kwa heshima, na wezi wakahamishia biashara yao mtaa mwingine. Wapangaji wenzao katika nyumba waliyopanga, maana karakana ilipakana na uani kwao, walimpenda. Hata mwenye nyumba, ambaye hakupenda mtu, alimpigia saluti kwa utani: "Shikamoo, Bosi."

Fundi peke yake ndiye hakumzoea. Mkewe alikuwa amechelewa kumwambia habari ya dawa. Alibaki nayo kifuani kama mfupa uliokwama, mpaka siku moja mchana alipomletea chakula akamkuta amevaa kinyago chake cha kuchomelea, cheche zinaruka.

"Dawa anayokunywa mbwa ni ya watu," alimwambia. "Ya watu wanaoanguka."

Cheche zikakatika. Fundi hakuvua kinyago. Alikaa hivyo, kile kioo cheusi kimemwelekea mkewe, na sauti ikatoka nyuma yake.

"Mrudishe."

"Nimrudishe nani?"

"Mbwa. Mrudishe ulikomtoa."

"Na wezi?"

"Waje wachukue. Wachukue na nyumba."

Akaendelea kuchomelea. Chakula alikikuta mke jioni palepale kilipowekwa, kimeingiwa na vumbi la chuma. Tangu siku hiyo Fundi alipita njia ya nyuma kuingia karakanani kwake mwenyewe, na mbwa akimfuata alimsukuma kwa goti, si kwa ukali, kama unavyosukuma mlango uliovimba.

Lakini Mama Pasi hakumrudisha. Wala msidhani alimpenda. Watu wa uani waliomwona akimkatia mkate walisema, maskini, amepata wa kumlea, na yeye aliwaacha waseme. Kuna asubuhi alizoamka akamkuta Bosi amelala juani miguu juu, mzima wa afya, ameshiba, na akamchukia kwa chuki ya wazi ambayo hakuwahi kumchukia nayo binadamu. Alisimama kwenye meza ya pasi siku kutwa, mvuke ukimpanda usoni, na kichwani mwake mlikuwa na hesabu moja inayozunguka. Hospitali ilikuwa hapo. Alipita mbele ya geti lake kila siku akienda kazini. Alikuwa akiwapigia pasi sare zao.

Ndipo likamjia wazo. Huenda si dawa. Huenda mbwa amepona tu mwenyewe, kwa chakula, kwa kutulia, kwa kupata pa kulala. Kwani daktari ni nani, si binadamu tu? Na kama si dawa iliyomtuliza mbwa, basi isingemtuliza mtoto pia, na kila kitu kilichofanywa kilikuwa kimefanywa sawa, na kile kilichotokea kilikuwa lazima kitokee. Wazo lilimkaa tamu. Alilitembeza siku nzima. Na jioni ile akampa Bosi mkate mtupu.

Asubuhi, mkate mtupu. Jioni, mkate mtupu. Kidonge alikitia mfukoni mwa gauni. Mbwa alikuwa mzima, akabweka, akakimbiza kuku wa jirani. Mama Pasi alirudi kazini na moyo umechangamka kiasi kwamba alimtania hata tajiri yake, mwenye duka, aliyemuuliza kama ameolewa upya. Siku iliyofuata vilevile, mkate mtupu. Mfuko ukazidi kujaa vidonge.

Halafu Bosi akaanguka. Ilikuwa mapema, jua ndilo linatoka, na alianguka katikati ya uwanja mbele ya wapangaji waliokuwa wakipiga mswaki. Akatetemeka, akatulia, na kabla hajainua kichwa akaanza upya. Akatulia, akaanza tena. Ulimi ulikuwa umegeuka rangi. Mama Pasi alipiga magoti pale na mtandio wake, akasema inapita, na haikupita.

Aliyemnyanyua mbwa alikuwa Fundi. Alitokea nyuma, akampakia kwenye mkokoteni wake wa vyuma, akausukuma mbio hadi kliniki, mkewe nyuma yake miguu pekupeku. Daktari alimchoma sindano, akamchoma nyingine, na mwisho miguu ya Bosi ikalegea akalala akikoroma.

"Mlisahau dawa?" daktari aliuliza.

"Sikusahau," Mama Pasi alisema.

Alitia mkono mfukoni akavitoa vile vidonge, akaviweka juu ya meza ya bati. Vingine vilibingirika vikaanguka. Daktari aliviangalia, akamwangalia mwanamke. Fundi ndiye aliyeinama kuviokota. Aliviokota kimojakimoja, mikono yake mikubwa iliyoungua ikishindwa kuvishika, na akiwa bado chini, hajainua uso, akasema, "Mama Kasuku. Ulitaka kujua?"

"Nilitaka kujua."

"Umejua?"

Bosi walimwacha kwa daktari mpaka apate nguvu. Walirudi nyumbani, mmoja mbele mmoja nyuma, na mkokoteni mtupu unagongagonga mawe.

*

Pengine yangeishia hapo, watu wawili na mzigo wao. Lakini katika ile nyumba ya kupanga alikuwapo msusi, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mwepesi na vidole vyepesi zaidi, mumewe dereva wa lori. Walikuwa na binti mdogo, mpole, meno ya mbele yamechomoza. Kuna mchana ambapo mlango wa msusi ulifungwa ghafla, hata akiwa na mteja kitini, na redio ikafunguliwa hadi mwisho. Wapangaji wengine walilalamika kelele. Mama Pasi alijua tangu siku ya kwanza ile redio inafunika nini, na aliona haya kujua. Hakuwahi kusema, kwa sababu angesema nini? Pole?

Sasa alikuwa na la kusema. Alipiga moyo konde. Akamkuta msusi uani anaosha vitana, mtoto yuko ndani, akavuta kigoda.

"Mama, samahani, nina neno. Usilichukue vibaya."

"Ukianza hivyo nitalichukua vibaya," msusi alisema akicheka. "Sema, dada yangu."

"Ni kuhusu mtoto."

Kicheko kikaisha. "Mtoto ana nini?"

"Nami nilikuwa na wangu. Najua. Kuna dawa, mama. Hospitali ipo, ni vidonge tu, asubuhi na jioni. Mimi sikuambiwa. Nimekuja kujua kwa Bosi, ndiyo anayokunywa, na umemwona mwenyewe alivyo..."

Aliona amekosea kabla sentensi haijamtoka yote. Msusi alisimama, maji yakimwagika miguuni.

"Kwa nani?"

"Sikiliza kwanza..."

"Mwanangu unamfananisha na mbwa?" Sauti ilipanda na kila dirisha likafunguka. "Mwanangu anywe dawa ya mbwa? Jamani njooni mnisikilizie! Wa kwako umemzika, sasa umeniletea na mimi! Toka! Toka hapa na mbwa wako!"

Mama Pasi alijaribu kusema ni dawa ya watu, mbwa ndiye anayekunywa ya watu, lakini maneno hayo kadiri alivyoyarudia ndivyo yalivyozidi kuharibika mdomoni. Wanawake walimshika msusi. Wengine walimtazama Mama Pasi kwa namna ambayo alikuwa ameshaisahau, ile ya zamani, ya enzi za Kasuku, mtu akivuta mtoto wake karibu na sketi.

Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya lilitoka kwa watoto. Walikuwa wamesikia, na watoto hawaachi kitu. Kesho yake binti wa msusi alipotoka kwenda dukani, mmoja wao alibweka. Wa pili akajibu. Kufika wikiendi lilikuwa limekuwa mchezo wa mtaa mzima: yule mtoto akitokea tu, wanapiga magoti na viganja chini, wanabweka, "Bosi! Bosi! Kanywe dawa!" Mtoto alisimama katikati yao amekumbatia chupa ya mafuta, haelewi, anatabasamu kwa yale meno yake kwa sababu alidhani wamemkaribisha mchezoni.

Mama Pasi aliwafukuza na ufagio. Wakamkimbia, wakarudi. Alikwenda kwa mama zao, nao wakasema watoto ni watoto.

Msusi hakungoja mwezi uishe. Mumewe aliporudi safari walifunga virago, na lori lililozoea kubeba saruji likarudi kinyumenyume hadi mlangoni likapakiwa godoro, masufuria, kile kiti cha kusukia. Msusi alikaa mbele na mtoto mapajani, kioo kimepandishwa. Mama Pasi alimsubiri dereva nyuma ya lori, alipokuwa anafunga kamba.

"Baba," alimwambia, "nisamehe. Usinisikilize mimi. Popote mnapokwenda, mpeleke hospitali ya watu. Mwambie daktari anaanguka. Useme tu hivyo, anaanguka, wao wanajua. Ukisema hivyo inatosha."

Dereva alivuta kamba, akaipiga fundo, akaipiga fundo jingine.

"Sawa, mama," alisema.

"Utampeleka?"

"Sawa."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomvunja nguvu, maana ndivyo anavyojibu mtu anayetaka kuondoka. Lori likawaka. Hakuna aliyejua wanahamia wapi. Msusi hakumwambia mtu, hata wateja wake. Mama Pasi aliuliza stendi ya malori, aliuliza kwa wauza saruji, akauliza mpaka watu wakaanza kuulizana huyu mama ana kisa gani na yule dereva. Akaacha.

Chumba kilipakwa rangi, wakaingia vijana wawili wanaouza simu. Watoto wa mtaa waliupata mchezo mwingine. Fundi alitengeneza geti jipya la karakana, zito, lenye makomeo mawili, akamwambia mkewe kwamba sasa hata bila mbwa pangekuwa salama. Alisema hivyo bila kumtazama, na mkewe alimwelewa, naye akatikisa kichwa kukataa. Wanakula pamoja, wanaulizana kuhusu chumvi. Baadhi ya siku yeye humwita Mama Kasuku na mkewe huitika, kisha wote wawili wanangoja, na hakuna kinachofuata.

Bosi yuko mzima. Amenenepa, mdomo umeanza mvi, hajaanguka tena tangu ile asubuhi. Daktari akija dukani humsifu Mama Pasi mbele ya wateja, anasema laiti watu wote wangefuata dawa kama huyu mama. Mama Pasi hulipokea koti lake, huligeuza upande wa ndani, na huanza kuipiga pasi mikono.